Ukuta uliobomolewa: anza na kifungu cha 258

Ndugu wa Bukavu, umeuliza kama katapila ya komini (serikali ya mtaa) iliyobomoa ukuta wako bila barua yoyote, dereva akisema ametumwa, ni kesi ya Katiba au ya fidia ya kawaida.

Ni zote mbili, ila usianze na Katiba. Kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Kiraia ya Kongo, amri ya 1888, kinamlazimisha aliyeleta hasara kwa kosa lake kuilipa. Cha 260 kinapeleka deni hilo hadi kwa aliyemtuma. Onyesha kosa, hasara, na kwamba moja limezaa lingine. Katiba ya Kongo ya 2006 ndiyo inayoliongezea kosa hilo uzito: kifungu cha 34 kinataka fidia ya haki kabla mtu hajanyang'anywa mali, cha 19 kinakupa hakimu wa kukusikiliza.

Marekani nao walibishana sana juu ya mpaka huu kati ya kesi ya Katiba na fidia ya kawaida. Mwaka 1981, katika kesi ya Parratt dhidi ya Taylor, mfungwa aliyepotezewa vifaa vya dola 23.50 aliambiwa sheria ya fidia ya jimbo lake inamtosha, si kesi ya Katiba. Mwaka 1986, kesi ya Daniels dhidi ya Williams ikasema uzembe mtupu hauvunji Katiba. Kwako si uzembe, mama au baba: kuna aliyeamuru. Nani, na kwa karatasi gani? Kesi yako inategemea jibu hilo.

Piga picha mabaki leo, tafuta karatasi za parseli (kiwanja chako), andika majirani walioona. Na usisaini chochote kabla avoka (wakili) hajakisoma.