Usingoje Meli Ifunge Gati Ndipo Uulize Ushuru

Mwaka mmoja niliagiza sahani na vikombe mwezi wa Aprili. Ajenti wangu wa forodha akanipigia hesabu kwa ushuru wa asilimia 25, nami nikapokea arbuni za wateja kwa bei hiyo. Meli ikafunga gati Kilindini wiki ya pili ya Julai, kiwango kishafika 35. Mzigo wa shilingi 2,000,000, nauli na bima ndani yake, ukaongezeka ushuru wa 200,000. VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, basi zikaja 32,000 nyingine. Nilizilipa mwenyewe, maana neno nilishalitoa.

Nilidhani siku ya kumlipa muuzaji ndiyo inayohesabika. Sivyo. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki hutazama kiwango kilichopo mzigo unapoingizwa forodhani kwa matumizi ya nchini.

Kwa hiyo ndugu yangu, kila mwisho wa Juni litafute Gazeti la Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisome mwenyewe. Viwango vipya huanza 1 Julai. Usiishie kwenye kitabu cha ushuru wa pamoja wa nchi za Jumuiya, na hapa ndipo wengi wetu hunaswa: kitabu kinaweza kusema 25, kumbe Kenya imeruhusiwa kutoza kiwango chake kwa mwaka mmoja, na ruhusa hiyo imo gazetini tu. Ndiyo maana mwenzako wa Dar es Salaam anaweza kulipa tofauti na wewe kwa bidhaa ile ile.

Utaipata bidhaa yako upesi ukiijua namba yake ya forodha. Sahani za kaure ziko 6911, za udongo mwingine 6912. Nimeziandika ukutani dukani. Ukiwa na shaka, iandikie KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ikupe uamuzi wa namba hiyo kabla hujaagiza.

Wala usilale baada ya Julai. Ada ya reli, ile inayotozwa bidhaa zinazoingia nchini, ilipanda kutoka asilimia 1.5 hadi 2 tarehe 27 Desemba 2024, wakati wengi tuko kwenye shamrashamra za mwisho wa mwaka.

Siku hizi kila risiti yangu ya arbuni ina mstari mmoja, nao humsomea mteja kwa sauti kabla hajatoa pesa: bei itafuata ushuru wa siku mzigo utakapoingizwa.