Hesabu pingili kwanza: nilivyojifunza kusoma eksirei ya uti wa mgongo

Mgonjwa alikuwa ameanguka kwenye ngazi. Picha ya shingo yake, iliyopigwa kwa ubavu, ilikuwa mbele yangu, nami nilikwisha kuikagua mara mbili. Sikuona ufa wala pingili iliyopinda. Nikasema, "Iko sawa," na mkono wangu ukaelekea kwenye kola ya shingo ili niivue.

Daktari bingwa aliyekuwa zamu nami hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Umehesabu?"

Nikahesabu kwa kidole kuanzia juu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Hapo mabega yalikuwa yamefunika kila kitu kwa weupe mzito.

"Shingo ina pingili ngapi?"

Saba. Nilijua hilo tangu mwaka wa kwanza wa masomo, ila macho yangu hayakuwahi kulazimishwa kuzitafuta zote. Tukarudia picha, safari hii mkono mmoja umeinuliwa juu ya kichwa kama mtu anayeogelea, na pingili ya saba ikajitokeza. Ilikuwa imeteleza mbele ya ile ya kwanza ya kifua. Kola ilibaki mahali pake, mgonjwa akapelekwa kwa wapasuaji akiwa bado anachezesha vidole vyote vya miguu.

Tangu siku hiyo najua kwamba mwanafunzi wa eksirei hakosi kwa sababu ya macho mabovu. Hukosa kwa sababu macho yake hayana njia. Anaruka huku na huku akitafuta kilichovunjika, na asipokiona anasema hakipo. Ndiyo maana kwangu kila picha ya uti wa mgongo huanza na swali la kuchosha: je, ninaona kila ninachotakiwa kuona? Kwa shingo ya ubavuni, lazima nione kuanzia mahali fuvu linapokalia pingili ya kwanza hadi ukingo wa juu wa pingili ya kwanza ya kifua, yaani T1. Kama T1 haionekani, picha haijakamilika, na hakuna jibu la "iko sawa" linaloweza kutoka kwenye picha isiyokamilika.

Baada ya kuhesabu, fuata mistari. Kwenye shingo ya ubavuni ipo minne, na yote inapaswa kuwa mikunjo laini isiyo na ngazi. Wa kwanza unapita mbele ya miili ya pingili, yaani sehemu zake nene za mbele, wa pili nyuma ya miili hiyo. Wa tatu unaunganisha mashina ya miiba ya nyuma, na wa nne unagusa ncha za miiba. Ugwe wa neva hupita kati ya wa pili na wa tatu, kwa hiyo hapo sikubali haraka. Mimi nilianza kwa kuweka karatasi angavu juu ya picha na kuichora mistari hii kwa penseli. Ilikuwa kazi ya polepole, lakini mkono ulilifundisha jicho. Siku moja utajikuta unaiona mistari bila penseli, na ngazi ndogo ya milimita chache itakukwaza kama jiwe njiani.

Tahadhari kwa watoto: kwa mtoto mdogo, C2, yaani pingili ya pili ya shingo, inaweza kuonekana imesogea kidogo mbele ya C3 bila jeraha lolote, kwa sababu mishipa inayoshikilia mifupa yake bado inalegea. Hapo uangalie mstari wa tatu. Kama umenyooka vizuri kutoka C1 hadi C3, huenda ni maumbile tu.

Kisha tazama kivuli cha nyama laini kilicho mbele ya mifupa. Wengi hukiruka, na mimi nilikiruka kwa muda mrefu. Kwa mtu mzima tunakariri hivi: sita kwenye ya pili, ishirini na mbili kwenye ya sita. Maana yake ni milimita 6 mbele ya C2 na milimita 22 mbele ya C6. Kivuli kikizidi hapo, huenda damu imevuja kutoka kwenye mfupa ambao hujauona umevunjika. Rudi utafute. Ila kivuli chembamba kisikutulize, kwani jeraha linaweza kuwapo bila uvimbe wowote. Na mtoto anayelia kivuli chake hupanuka bure.

Juu kabisa, pima nafasi kati ya tao la mbele la C1 na jino la C2, yaani kile kijiti cha mfupa kinachochomoza juu kutoka C2. Kwa mtu mzima isizidi milimita 3, kwa mtoto milimita 5. Kwenye picha ya mdomo wazi, angalia kama pande mbili za C1 zimekaa sawasawa juu ya mabega ya C2. Zikitokeza nje, fikiria ule mvunjiko wa pete ya C1 alioueleza daktari Mwingereza Geoffrey Jefferson mwaka 1920. Pete ya mfupa ni kama bangili ya kioo, ni shida kuivunja mahali pamoja tu. Ukiona ufa mmoja, wa pili unakungoja mahali fulani. Nyonga nayo ina tabia hiyohiyo. Usidanganywe tu na mstari mweusi unaokatiza shina la jino: mara nyingi ni kivuli cha meno au cha tao la C1, na ukiufuata utaona unavuka nje ya mfupa.

Sasa niseme kuhusu bundi, kwa sababu ndiye aliyenifundisha zaidi kuliko vitabu. Kwenye picha ya mgongo iliyopigwa kutoka mbele, kila pingili ina viduara viwili, kimoja kila upande, na mwiba katikati. Viduara ni pedikeli, yaani vishikizo vifupi vinavyounganisha mwili wa pingili na tao lake la nyuma, zinazotazamwa kwa ncha. Ukitulia unaona uso wa bundi: macho mawili na mdomo. Mama mmoja alikuja na maumivu ya kiuno ya miezi mingi. Picha yake ilikuwa imeshasomwa kuwa ni mabadiliko ya umri, na kweli vichomozi vya mifupa vilikuwepo tele. Nikashuka jicho kwa jicho. T12, ya mwisho ya kifua, macho mawili. L1, ya kwanza ya kiuno, mawili. L2, moja. Upande wa kulia palikuwa patupu, kama bundi amekonyeza. Nilihisi mikono yangu inapoa. Vipimo vilionyesha ni saratani ya titi iliyokwisha kufika mgongoni, na matibabu yakaanza kabla miguu haijapooza.

Jicho la bundi linapotoweka, ugonjwa umeshakula mengi. Mfupa unahitaji kupoteza kati ya asilimia 30 na 50 ya madini yake ndipo eksirei ya kawaida ianze kuonyesha. Kwa hiyo mgonjwa mwenye historia ya saratani na maumivu ya usiku usimrudishe nyumbani kwa sababu picha ni safi. Pima pia umbali kati ya macho hayo: kiunoni hupanuka kidogo kidogo ukishuka hadi L5. Umbali huo ukipanuka ghafla kwenye pingili moja, mwili wa pingili hiyo umepasuka kwa nje.

Nafasi za diski, yale matakia yaliyo kati ya pingili, nazo zinasema. Maambukizi hupenda kuvuka diski, hivyo utaona nafasi imebanwa na kingo za pingili mbili jirani zimefifia. Saratani kwa kawaida hula mfupa na kuiacha diski na kimo chake. Kifua kikuu cha mgongo, alichokieleza Percivall Pott mwaka 1779, huanza mara nyingi mbele ya mwili wa pingili, na kinaweza kuiacha diski kwa muda mrefu kuliko bakteria wengine. Kwa hiyo angalia pia kivuli cha jipu kinachovimba pembeni ya pingili za kifua.

 

Kuna kosa moja zaidi la hesabu. Watu wengine wana pingili ya mwisho ya kiuno iliyoungana na sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno, na wengine ile ya juu ya sakramu imejitenga ikawa kama ya sita ya kiuno. Ukihesabu kutoka chini utampa mpasuaji namba isiyo sahihi. Andika wazi umehesabu kuanzia wapi.

Ukipata mvunjiko mmoja, endelea kutafuta. Furaha ya kupata hufumba macho, na aliyeanguka kutoka juu akavunja kisigino anaweza kuwa amevunja na kiuno. Pale ajali ni kubwa na picha haieleweki, omba sitiskani; miguu ikiwa dhaifu, omba MRI, kwa maana eksirei haionyeshi ugwe wa neva.

Mazoezi yangu yalikuwa haya: daftari moja, picha tano kila jioni, nyingi zikiwa za watu wazima wa afya. Bila kuzizoea za kawaida, ugonjwa hauna pa kujitokeza. Niliandika ripoti yangu kwa wino kabla ya kufungua ya bingwa, ili nisiweze kujifanya niliona. Kila nilipokosa niliandika mahali jicho lilipopita bila kusimama. Baada ya miezi mitatu nikayasoma makosa yote kwa pamoja. Zaidi ya nusu yalikuwa kwenye kingo za picha: sehemu ya juu kabisa, sehemu ya chini kabisa, na pale shingo inapoingia kifuani. Siku hizi naanzia huko.