Sailensi ya gari ikipanda, usianzie kwenye skrubu

Sailensi ni mzunguko wa injini ukiwa hukukanyaga mafuta. Injini iliyopata moto, mguu ukiwa nje ya pedeli ya mafuta, hutulia baina ya mizunguko 600 na 900 kwa dakika, kulingana na gari. Ikiwa mshale wa mizunguko umeganda kwenye 1,500 na wewe umesimama, hapo pana jambo. Asubuhi usihesabu: injini baridi hupanda hadi 1,200 au zaidi, kisha hushuka yenyewe ikipata joto. Ukiwasha easii (AC) pia itapanda kidogo, ndivyo ilivyotengenezwa.

Mwenye gari la otomatiki ndiye huteseka zaidi. Ukiachia breki kidogo tu, gari lasonga lenyewe, na kwenye matuta ya mjini hapa Malindi, katikati ya tuktuk, unashinda umekanyaga breki. Pedi zaisha kabla ya wakati wake.

Kabla ya kwenda gereji, angalia zulia la miguuni lisiwe limepanda juu ya pedeli. Kwa gari la zamani lenye kebo ya kuvuta mafuta kutoka kwenye pedeli, kama hii Corolla 110 yangu, fungua boneti uivute kebo kwa kidole: iwe na ulegevu kidogo, na ukiiachia irudi bila kusitasita. Mchanga na kutu huifanya ishike njiani. Hiyo ni kazi ya dakika mbili.

Kebo ikiwa nzima, mshukiwa wangu wa kwanza kwa magari ya Pwani ni thamostati, na mara nyingi kosa lake ni kwamba haipo. Gari lachemka mara moja, fundi anaifungua, anaitupa, kisha anakwambia, "Bwana, huku kwetu joto. Hii ni ya watu wa bara." Hilo silikubali hata kidogo. Kazi ya thamostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake. Nyingi za Toyota hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ikitolewa, maji yazunguka tangu unapowasha. Ukishika barabara ya Mombasa, ukapita Gede na kuingia msitu wa Arabuko-Sokoke, upepo waipiga rejeta mfululizo na injini haifikii joto linalotakiwa. Kompyuta ya injini yasoma sensa ya joto, yaona bado baridi, basi yamwaga mafuta zaidi na kuiacha sailensi juu kama ya alfajiri. Petroli yako yaenda hivyo hivyo.

Kulijua hilo hakuhitaji mashine ya kupimia. Tazama mshale wa joto. Ukiwa umefika Matsangoni na bado umelala karibu na herufi C, muulize aliyekuuzia gari, au fundi wako, thamostati iko wapi. Kurudisha mpya ni kazi ndogo, na kama gari lilikuwa likichemka, tafuta sababu yake: feni, rejeta iliyoziba, au kifuniko cha rejeta kisichoshika. Maji nayo yatazame, injini ikiwa imepoa kabisa. Yakipungua, hewa hukaa palipo na sensa, nayo ikasoma uongo. Na maji ya kisima cha chumvi, ambayo huku hatuyakosi, usiyatie kamwe. Yanakula rejeta kwa ndani. Tia kulanti, yale maji maalumu ya rejeta.

Joto likiwa sawa na mzunguko bado uko juu, basi injini yavuta hewa kwa mlango wa nyuma. Paipu za mpira za vakyum, zile zinazovutwa hewa na injini, hukauka kwa jua na joto la injini, zikapasuka, hasa pale mwishoni zinapovishwa. Tega sikio: utasikia mluzi mwembamba, fyuuu, usiokoma. Mimi huzibana paipu moja moja kwa koleo lililozungushiwa kitambaa, injini ikinguruma. Ile utakayoibana mzunguko ukashuka ghafla, ifuate mpaka mwisho wake. Usiisahau paipu nene iendayo kwenye busta ya breki, ile inayokusaidia kukanyaga. Kwa gasketi ya manifoldi, pale njia za hewa zinapoungana na injini, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya dawa ya nywele, mbali na nyaya. Mngurumo ukibadilika, umepata tundu. Wapo mafundi wanaonyunyiza petroli kwa kazi hiyo. Juu ya injini ya moto! Wakatalie.

Baada ya hapo ndipo throto, mlango wa hewa ya injini, ifunguliwe. Zima injini, vua paipu ya hewa, utaona masizi meusi yameganda pembeni mwa kile kibamba cha duara, mpaka kinashindwa kufunga vizuri. Dawa ya kusafishia throto na kitambaa safi vyatosha. Vali ya sailensi, ile inayopitisha hewa kibamba kikiwa kimefungwa, nayo isafishwe, na plagi ya nyaya zake ichomolewe itazamwe: gari linalolazwa ufuoni, au linalokwenda Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, utakuta pini zimeota kutu ya kijani.

Ile skrubu ndogo inayokizuia kibamba ilipimwa kiwandani. Fundi akiichezea, mzunguko utashuka mbele yako na utamlipa kwa furaha. Ila tundu la hewa liko pale pale, na siku utakayoliziba gari litaanza kukuzimikia kila unaposimama. Kabla bisibisi haijaguswa, mwambie akuonyeshe hewa yaingilia wapi.

Gari la throto ya umeme, isiyo na kebo, lina tabia yake. Usikisukume kibamba kwa kidole swichi ikiwa imewashwa. Throto ikishasafishwa, sailensi yaweza kupanda kuliko ilivyokuwa, kwa sababu kompyuta ilikwisha kuyazoea yale masizi. Fundi mwenye mashine ataifundisha upya, na kwa magari mengine hurudi yenyewe ukiliendesha kidogo.