Seva mbili, na bado wateja wanarudishwa kwenye nywila

SWALI: Shikamoo mama. Hapa Mwanza tuna mfumo wa maduka ya jumla unaoendeshwa na Tomcat mbili (seva za programu za Java) juu ya Ubuntu, na mbele yake kuna Apache inayogawa wateja. Klasta, yaani seva kupeana nakala, nimeiwasha kama mwongozo unavyosema, na tegi ya distributable inayoruhusu nakala hizo ipo kwenye web.xml. Lakini nikizima seva ya kwanza, kila aliyekuwa humo anarudishwa kwenye ukurasa wa nywila na kikapu chake kimepotea. Logi haina kosa hata moja, nimeiambatisha. Bosi anauliza seva ya pili tuliinunua ya nini.
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Bosi wako hajakosea kuuliza.

Logi yako imesema kila kitu. Wewe ulitafuta neno SEVERE, la kosa kubwa, hukulikuta, ukaifunga. Ifungue tena usome mistari inayosema "Replication member added". Anwani iliyoandikwa pale ni 127, 0, 1, 1, mlango 4000. Sasa niambie, hiyo ni anwani ya nani? Kila mashine ikiambiwa 127 inajua ni yenyewe.

Ubuntu, kama mama yake Debian, ina tabia ya kuandika jina la mashine kwenye /etc/hosts mbele ya 127.0.1.1. Wewe umeacha Receiver ya klasta, sehemu inayopokea nakala, kwenye "auto", basi Tomcat ikauliza mfumo anwani yake, ikapewa hiyo, ikaitangaza. Tangazo linakwenda kwa multikasti, yaani ujumbe mmoja kwa kundi zima, 228.0.0.4 mlango 45564, na linafika vizuri. Ndiyo maana logi inasema mwanachama kaongezeka nawe ukaridhika. Ikifika zamu ya kutuma sesheni, yaani kumbukumbu za mteja aliyeingia, seva ya kwanza inapiga 127.0.1.1 na kujipokelea yenyewe. Ni mlinzi wa usiku aliyejaza daftari la makabidhiano, asubuhi akajisainia mwenyewe.

Nenda kwenye server.xml ya kila mashine, kwenye Receiver, ondoa "auto" uweke IP yake halisi ya mtandao wa ndani. Kwenye ufw, ukuta wa ulinzi wa Ubuntu, ruhusu 4000 ya TCP na 45564 ya UDP kati ya mashine hizo mbili peke yake. Nasisitiza peke yake: kwa mipangilio ya kawaida mlango ule haumuulizi mtu nywila, na sesheni zinapita humo bila kusimbwa. Na siku mkihamia kwenye wingu, msishangae ugonjwa ukirudi kwa sura nyingine, kwa sababu mitandao mingi ya huko haipitishi multikasti. Huko wanachama mnawaandika kwa mkono kwenye StaticMembershipInterceptor.

Ukimaliza hapo, angalia kama jvmRoute (jina la utambulisho) ya kila Tomcat inafanana herufi kwa herufi na route uliyoiweka Apache. Pia saa za mashine zote mbili zifuate NTP, huduma ya kulinganisha saa.

Kisha ujaribu, na usijaribu kwa kuizima kistaarabu. Umeme ukikatika haukupi taarifa. Ingia kama mteja, weka bidhaa kikapuni, halafu iue Tomcat kwa kill -9, amri isiyoipa nafasi ya kuaga, uone. Siku nyingine chomoa waya wa mtandao: hapo mwenzake hugundua baada ya sekunde 3 hivi, maana dropTime ya kawaida ni 3000, kwa hesabu ya milisekunde.

Nakutahadharisha na jambo moja, kwa kuwa mnauza. Huenda mteja akabaki ndani, ila kikapu kikakosa bidhaa ya mwisho aliyoongeza. Mkitumia DeltaManager, msimamizi wa nakala za sesheni, seva hutuma kilichobadilika pale tu programu inapoita setAttribute, amri ya kuandika kitu kwenye sesheni. Mwandishi wa programu akichukua orodha iliyomo ndani ya sesheni, akaongeza sukari kilo mbili, akanyamaza, seva ya pili haitajua habari ya sukari. Mwambie aite setAttribute kila anapogusa kikapu. Atalalamika kwamba kwenye mashine yake inafanya kazi. Mashine yake ni moja!

Msiondoe utaratibu wa mteja kubaki kwenye seva yake eti kwa kuwa nakala sasa zinafika. Kwa kawaida, yaani channelSendOptions ikiwa 8, Tomcat humjibu mteja bila kusubiri mwenzake apokee. Ombi linalofuata likiangukia upande wa pili, linaweza kuitangulia nakala.

SWALI: Dada, tuna seva tatu nyuma ya nginx inayogawa wateja, tumetumia ip_hash (kumpangia mteja seva kwa anwani yake). Mbona moja inazidiwa na mbili zimelala? Wateja wetu wengi wako kwenye simu.
Msomaji, Nairobi

JIBU: Umeshajijibu kwenye sentensi ya mwisho. Kwa IPv4, ip_hash hutazama namba tatu za mwanzo za anwani, basi. Kampuni za simu huwatoa wateja chungu nzima kupitia anwani chache zinazofanana mwanzo, kwa hiyo wote wanapelekwa mlango mmoja. Tumia hash ya kuki ya sesheni badala ya anwani, au hamishia sesheni kwenye Redis, ghala la pamoja la data, ili seva yoyote imhudumie yeyote. Mimi kwa seva tatu ningechagua Redis, mradi nayo isiwe moja.