Jua na maji yazuie nje, usisubiri yaingie ndani

Watu wengi joto likizidi ndani wanawaza feni kubwa zaidi au kiyoyozi, na rangi ikianza kubanduka ukutani wanawaza kopo jipya la rangi. Mi nimeishi na nyumba yangu misimu kadhaa, naishughulikia kidogo kidogo kila nikipata nafasi, na sa hivi naamini kabisa kwamba raha ya nyumba inatengenezwa nje, yani kwenye paa, kwenye dirisha kwa upande wa nje, na kwenye ile ardhi inayozunguka kuta. Ukilikamata jua kabla halijapita kwenye kioo, na maji kabla hayajafika kwenye msingi, kazi ya ndani inabaki ndogo sana.

Tuanze na dirisha. Pazia hata liwe zito vipi, jua likishapita kioo basi joto limeshaingia, pazia lenyewe linapata moto na linaipasha hewa ya chumba siku nzima. Kivuli cha nje ndio kinasaidia. Kwa madirisha ambayo jua linayapiga likiwa juu, ukingo wa paa uliotokeza vizuri au kipaa kidogo juu ya dirisha vinatosha, lakini upande wa magharibi ni habari nyingine, pale jua la alasiri linakuja kwa chini linapita chini ya huo ukingo na kuingia moja kwa moja, kwa hiyo unahitaji kitu kilichosimama wima. Inaweza kuwa chiki (lile pazia la mianzi au matete) ya kuning'iniza nje, inaweza kuwa mti, mi niliweka nguzo na waya nikapandisha mmea unaotambaa, na nikauacha mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite katikati na ukuta usishike unyevu. Chumba cha upande huo zamani ukigusa ukuta usiku unakuta bado una moto, maana tofali na zege vinakunywa joto mchana na kulitema taratibu baada ya jua kuzama, sasa hivi kunalalika vizuri kabisa. Kama una nafasi ya kufanya kitu kimoja tu kiangazi hiki, fanya upande wa magharibi.

Paa nalo. Bati lenye rangi nyeusi au lililochakaa linavuta jua sana, ukilipaka rangi nyeupe ya kuakisi utaona tofauti, ila lisafishwe kwanza kutu na vumbi la sivyo rangi itabanduka. Wengine wanaweka ile karatasi ya alumini chini ya bati, ni kitu kizuri, lakini hakikisha fundi anaacha nafasi ya hewa angalau sentimita 2 au 3 upande wa ule uso unaong'aa. Ikibanwa kati ya bati na mbao bila nafasi haifanyi kazi iliyokusudiwa, alumini ni metali na inapitisha joto kwa kugusana, inachozuia ni ule mng'ao wa joto unaoruka hewani. Alafu kule juu ya dari hewa ya moto inahitaji njia ya kutoka. Matundu chini ya ukingo wa paa ya kuingizia hewa, na mengine juu kabisa karibu na kofia ya bati (lile bati linalofunika kilele cha paa) ya kutolea, yote yawekwe wavu ndege na popo wasihamie.

Kuhusu upepo sina mengi. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana, na mlango wa katikati uwe wazi, dirisha moja peke yake halivuti hewa ya kutosha. Neti za madirishani zipigwe brashi mara kwa mara maana vumbi linaziba vile vitundu na upepo unakata kabisa. Kama nyumba ni ya tofali nene na usiku nje kunapoa, fungua usiku, alafu asubuhi mapema funga kabla joto halijapanda. Na feni haipoozi chumba, inakupooza wewe kwa kukausha jasho, hivyo ukitoka izime, mota yake nayo inatoa joto.

Sasa maji, na hapa naomba unisome kwa makini kwa sababu ndio yanaharibu nyumba nyingi kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Kazi zote za mvua zifanyike kiangazi, usingoje wingu la kwanza, wakati huo mafundi wote wameshikwa na bati likilowa hakuna mtu anatakiwa kupanda juu yake.

Panda (au mtu anayejua apande, na ngazi ishikwe) uangalie misumari ya bati. Ile mipira chini ya kichwa cha msumari inakaushwa na jua, inapasuka, na hapo ndipo tone la kwanza linapopita. Msumari uliolegea usiugongee tu ukarudi, tundu limeshapanuka, utalegea tena, ng'oa weka wa skrubu ulio mnene kidogo wenye mpira mpya. Angalia pia pale paa mbili zinapokutana, majani yanajazana pale maji yanapanda na kuingia chini ya bati, unaanza kulalamikia bati wakati kosa ni uchafu.

Gata, yani ile mifereji ya kukinga maji kwenye ukingo wa paa, ziwe na mteremko, kama sentimita 1 kwa kila mita 2 au 3 inatosha. Pimamaji itakuonyesha, au mwaga ndoo ya maji upande wa juu uangalie kama yanafika kwenye bomba la kushukia bila kutuama. Zisafishe kabla ya mvua kuanza na katikati ya msimu pia, hasa kama una mti karibu, na matawi yanayofunika paa yakatwe.

Alafu jiulize maji yakishashuka yanaenda wapi. Hesabu yake ni rahisi, milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1, kwa hiyo nyumba ambayo paa lake linafunika mita za mraba 80 ikipata mvua ya milimita 20 tu, hiyo ni kama lita 1,600. Sasa fikiria zote zinamwagika kwenye kona moja pembeni ya msingi! Bomba la kushukia lirefushwe, au liende kwenye tangi, au kwenye mtaro unaopeleka maji mbali. Na ardhi yenyewe iteremke kutoka ukutani, lenga sentimita 15 ndani ya mita 3 za mwanzo. Watu wengi wana kinyume chake bila kujua, kila mwaka udongo unaongezwa, maua yanapandwa yamegusa ukuta, mwisho udongo unapanda juu ya ile tabaka ya kuzuia unyevu iliyolazwa kwenye msingi, na unyevu unapanda kwenye lipu. Utapaka rangi kila mwaka na itabanduka kila mwaka mpaka uondoe ule udongo. Mi bustani yangu ya maua niliisogeza mbele, karibu na ukuta nikamwaga kokoto, ambazo pia zinapunguza matope kuruka ukutani mvua ikipiga.

Bustani yenyewe inasaidia kupooza uwanja kuliko zege, kwa sababu mimea inatoa mvuke na ardhi yenye kivuli haishiki moto. Kiangazi tandaza majani makavu au nyasi unene wa sentimita 5 hadi 10 kuzunguka mashina, lakini usiyagusishe shina lenyewe linaoza. Mwagilia asubuhi, maji mengi kila baada ya siku chache ni bora kuliko kunyunyiza kidogo kila siku, mizizi inafuata maji chini na mmea unavumilia ukame. Mti wa kivuli upandwe ukijua utakavyokuwa mkubwa, sio ulivyo leo kwenye kifuko.

Ndani msimu wa mvua sogeza kabati na kitanda sentimita chache kutoka ukuta wa nje hewa ipite nyuma, fangasi wanapenda hizo sehemu zilizobanwa. Tangi liwe na mfuniko uliobana na wavu kwenye tundu la kutolea maji ya ziada, na kila wiki zungukia uwanja umwage chochote kilichotuamisha maji, sahani za vyungu vya maua, makopo, matairi. Kila wiki kwa sababu kwenye joto yai la mbu linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku 7 hadi 10. Na gata iliyopinda usiisahau kwenye huo mzunguko, maji yakikaa mle juu mbu wanazaliana hakuna anayewaona.