Maswali ya Wasomaji: Siku 4 Palampur, mji wa chai na mahekalu

SWALI: Mhariri, mama yangu ana umri wa miaka 68 na yuko Delhi kwa matibabu, nami ndiye niliyefuatana naye. Daktari amemruhusu kusafiri kuanzia wiki ya pili ya mwezi wa Aprili, na tutakuwa na siku 4 kabla ya kurudi nyumbani. Muuguzi mmoja ametusifia Palampur, mji wa milimani wenye mashamba ya chai na mahekalu ya kale. Je, safari hiyo inamfaa mtu aliyetoka kuugua? Na sisi Waislamu tunaruhusiwa kuingia mahekaluni, na tukiingia, adabu zake ni zipi?
Binti wa Mombasa, Delhi

JIBU: Dada, kwanza mfikishie mama salamu zetu za pole. Palampur inamfaa, ila kitakachomchosha ni barabara, si mlima. Mji huo, ulioko wilaya ya Kangra katika jimbo la Himachal Pradesh, uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,220 tu, yaani chini sana ya kimo ambacho hewa nyepesi huanza kumletea mtu maumivu ya kichwa na kichefuchefu. Milima ya Dhauladhar, ambayo vilele vyake hupita mita 4,000 na mwezi wa Aprili bado vina theluji, mtaitazama mkiwa mmekaa barazani. Usiku huwa wa baridi, kwa hiyo msisahau sweta na shali.

Basi la usiku kutoka Delhi ni la bei nafuu, lakini linapopanda kona za milimani alfajiri hata vijana hushika matumbo, na kwa mama nisingelipendekeza. Pandeni ndege hadi Gaggal, uwanja wa ndege wa Kangra, kisha mkodi teksi kwa kiasi cha kilomita 40 zilizobaki. Wengi watawasifia treni ya reli nyembamba ya Bonde la Kangra, iliyofunguliwa mwaka 1929, na kweli ni ya kupendeza. Lakini mafuriko ya Agosti 2022 yaliliangusha daraja lake la mto Chakki, na mvua huivuruga mara kwa mara, basi msiijengee ratiba yenu.

Kuhusu chai, mmebahatika kwa wakati. Uchumaji huanza mwezi wa Aprili na kuendelea hadi Oktoba, na majani ya kwanza baada ya usingizi wa baridi ndiyo yanayothaminiwa kuliko yote kwa harufu yake. Simameni ukingoni mwa shamba asubuhi na mtazame mikono ya wachumaji: kidole gumba na cha shahada hukata majani mawili machanga pamoja na chipukizi lake, na kabla macho yenu hayajahama, konzi nzima imekwisha kurushwa nyuma kikapuni. Kiwandani majani hayo hunyaushwa, husokotwa, huachwa yabadilike rangi na mwishowe hukaushwa. Ya chai ya kijani hupashwa moto mapema ili yasibadilike. Chai ya huko hutoka kwenye miche ya asili ya Uchina yenye majani madogo, na rangi yake kikombeni ni hafifu kuliko mlivyozoea. Mama asidhani amepunjwa. Ainywe bila maziwa walau mara moja.

Mashamba hayo yana historia ya huzuni inayoyaunganisha na mahekalu. Chai ilianza kupandwa bondeni humo mwaka 1849, na ilikwisha kupata sifa hadi ng'ambo pale tetemeko la tarehe 4 Aprili 1905 lilipoua watu wapatao 20,000 na kubomoa viwanda. Wazungu wengi waliokuwa na mashamba waliyauza na kuondoka. Lakini hekalu la Baijnath, kilomita 16 hivi kutoka Palampur, lilipata madhara madogo tu, ingawa lilikuwa na umri wa miaka 700. Maandishi yaliyochongwa kwenye mawe ukumbini mwake yanasema lilijengwa mwaka 1204 na wafanyabiashara wawili ndugu, Manyuka na Ahuka. Kama mtakuwa na nguvu ya kwenda hekalu moja tu, nendeni hilo.

Wageni wa dini nyingine huingia Baijnath. Vueni viatu, vaeni nguo za heshima (buibui na mtandio wenu vinatosha kabisa), zungukeni kwa kulifanya hekalu liwe mkono wenu wa kulia, na msipige picha chumba cha ndani. Hakuna atakayewalazimisha kusali wala kugonga kengele, na mkipenda mnaweza kubaki uani, ambako kuta za nje zenye sanamu zilizochongwa zinatosha kuwashughulisha kwa saa nzima. Mkipewa kitu kitamu kilichotolewa sadaka, nanyi hamtaki kukila, kataeni kwa tabasamu na mikono iliyokutanishwa kifuani. Hilo halimuudhi mtu.

Huenda ikamvutia mama kujua kwamba Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, huheshimiwa hapo kwa jina la Vaidyanath, yaani bwana wa waganga. Wenyeji husimulia kwamba Ravana, mfalme mwovu wa masimulizi ya kale ya Kihindu, alimwabudu Shiva mahali hapo, na ndiyo maana katika Dussehra, sikukuu ya kukumbuka kushindwa kwa Ravana, wakati miji mingine ya India ya kaskazini inachoma sanamu ya mfalme huyo, Baijnath haichomi.

Siku ya kwanza na ya mwisho ziachieni safari. Kati yake, siku moja iwe ya mashamba na nyingine ya Baijnath, basi. Kijiji cha wasanii na wafinyanzi cha Andretta kiko karibu, lakini kiongezeni ikiwa mama mwenyewe ndiye atakayeomba. Mkinunua chai ya zawadi, tafuteni iliyoandikwa jina la Kangra, ambalo limelindwa kisheria nchini India tangu mwaka 2005, kisha mwulize muuzaji ilichumwa mwezi gani, kwani katikati ya Aprili pakiti nyingi madukani huweza kuwa bado ni za msimu uliopita.