Kwa nini shoka lako linakosa kila mara

Mdogo wangu wa Masasi, umeuliza kwa nini shoka lako linakosa na kwa nini unapigwa mara mbili kwenye mchezo wa video wa Fire Emblem. Shoka halina ubovu, tatizo ni kwamba unalitumia dhidi ya mwenye upanga. Kwenye Fire Emblem ya 2003 ya Game Boy Advance, kifaa cha michezo cha mkononi, upanga hushinda shoka, shoka hushinda mkuki, mkuki hushinda upanga. Mwenye faida huongezewa pointi 15 za kulenga, yaani uwezekano wa kumpata adui, na 1 ya nguvu ya pigo. Mwenzake hupunguziwa hivyo hivyo. Hiyo 1 si kitu, 15 ndiyo inayokuumiza.

Unapigwa mara mbili kwa sababu adui anakuzidi kasi kwa 4 au zaidi. Angalia uzito: shoka la chuma la kawaida ni 10, askari mwenye umbo (pointi za ukubwa wa mwili) la 7 amezidiwa uzito kwa 3, hivyo anapoteza kasi 3. Mpiga upinde asisimame kugusana na adui, hawezi kurudisha pigo akiwa karibu hivyo.